Hodi ya Msituni

Kwetu visiwani mtu akisema anakwenda kupunga upepo, hakuna amwulizaye ana kibali gani. Ufuo ni wa wote, na baraza ni ya kila aketiye. Huenda ndiyo sababu raha ya namna hiyo hututatiza tunapoipeleka bara, kwenye misitu ya serikali, ambako matembezi huanzia katika karatasi: ombi la kuingia, ada, mwongozaji, na saa ya kutoka. Swali langu ni moja tu, nalo ni dogo kwa umbo. Je, mtu aliyekwisha kulipa na kupewa kibali, amekwisha kuruhusiwa?

Naliweka swali hili Geita na kwa jirani yake Shinyanga, kwani huko ndiko linakouma. Mwenzetu wa pwani anayepanga kwenda kuitazama miombo ya huko ana mengi ya kutayarisha. Kivuko cha Busisi kilichokuwa kikimweka msafiri kandoni mwa ziwa kimepokewa na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Njia za msituni hukauka kati ya Juni na Septemba, lakini apendaye uzuri na angoje mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, miti inapochipua majani mapya yenye wekundu wa shaba. Achukue maji ya kutosha na viatu vya kufunika mguu, wala asivae buluu au nyeusi, maana ndizo rangi zivutazo mbung'o. Kibali ataomba kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wenye dhamana ya misitu ya hifadhi ya serikali kuu.

Hayo ni maandalizi ya mwili. Maandalizi ya dhamiri hayamo katika fomu yoyote.

Msitu wa Hifadhi wa Geita hausimami peke yake kama msitu wa hadithi. Dhahabu ya hapo ilichimbwa tangu enzi ya Waingereza hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na sehemu ya eneo la leseni yake imo ndani ya msitu huo. Kandokando wapo wachimbaji wadogo. Mashimo yao, wanayoyaita maduara, yanahitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta zisiporomoke. Pasipo gogo, udongo humfukia mtu. Wapo pia akina mama wanaotafuta kuni za chakula cha usiku huohuo, na wachoma mkaa wanaoulisha mji uliokua haraka kwa sababu ya dhahabu.

Mlangoni mwa msitu, basi, wanakutana watu watatu: kampuni yenye leseni, mgeni mwenye kibali, na jirani mwenye shoka. Wawili wa mwanzo huingia mchana kweupe. Wa tatu naye aweza kuomba kibali cha kuvuna, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wake, na hata imefungua njia ya wanakijiji kushirikishwa katika usimamizi. Lakini karatasi hutaka nauli, ada na subira, na jungu haliwezi kungoja. Asipokuwa nayo, huingia kwa kunyemelea, na jina lake hubadilika: huitwa mhalifu mahali ambapo mimi naitwa mtalii.

Tusimdhulumu askari wa misitu kwa kumfanya adui. Kila mwenye shida akiruhusiwa kukata, msitu hautamaliza kizazi kimoja, na wa kwanza kuumia atakuwa huyohuyo mwenye shida. Wala tusidharau hoja ya mgeni asemaye: mimi sikati, sichimbi, sibebi, natazama tu, na macho hayana pazia. Ada yangu, ataongeza, husaidia kumlipa mlinzi. Hoja hizi ni za kweli. Hata hivyo kutazama tu ni wepesi wa mtu aliyekwisha kula. Kivuli anachokifurahia kimebaki pale kwa kuwa mwingine alizuiwa kukigeuza kuni. Raha yake ina mlipaji ambaye jina lake halimo katika stakabadhi.

Je, kuna namna ya kufunga msitu isiyomfanya jirani kuwa mwizi? Jibu moja limo Shinyanga, nalo ni la zamani kuliko ofisi zetu. Wasukuma huliita ngitili. Mwanzoni mwa mvua familia au kijiji hutenga sehemu ya malisho, ng'ombe wasiingie, nyasi na vichaka vikakua. Kiangazi kikipamba moto, majani ya kwingine yakiwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa kipande baada ya kipande. Avunjaye mwiko huu hukabiliwa na mkutano wa wenyeji, dagashida, na hutozwa faini.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Enzi ya ukoloni miti ya Shinyanga ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikadai mashamba. Na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenga watu na ngitili zao. Ardhi ikabaki wazi, vumbi tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, nao ukapata busara ya kuuliza wenyeji walikuwa wakifanyaje zamani. Ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilihesabiwa kwa laki za hekta, na miti mingi ilikuwa imechipuka yenyewe kutoka katika visiki na mizizi iliyosubiri ardhini.

Sisemi kwamba ngitili ni pepo. Mwenye ardhi na mifugo mingi huwa na ngitili kubwa, na maskini aweza kuzuiwa na jirani yake vilevile anavyozuiwa na serikali. Ninachokiona ndani yake ni maana ya kufunga. Ngitili hufungwa kwa ajili ya siku ya kufunguliwa, na anayezuiwa leo anaijua siku hiyo. Kuzuiwa kwake ni kungoja, na kungoja hakumvunjii mtu heshima.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Nani kati yetu hajamsikia mvuvi aliyeambiwa na bawabu wa hoteli asipite mbele ya wageni, kwenye mchanga alikozoea kuanika nyavu? Na huko Jozani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, wakulima wanajua vyema kwamba kima punju anayepigwa picha asubuhi ndiye anayekula nazi changa jioni. Ndiyo maana sehemu ya mapato ya wageni hupelekwa vijijini. Fedha hiyo ni kukiri kwamba jirani naye anaulipia msitu. Basi ajabu ni kwamba sisi, tunaoyajua machungu ya bawabu, tukivuka bahari na ziwa tukafika Geita tunakuwa ndio wageni wanaopishwa njia.

Sihitimishi kwamba tusiende. Nasema twende kwa hodi. Kibali cha serikali kinafungua kizuizi cha barabarani, lakini hodi hubishwa kijijini: kwa wazee na serikali ya kijiji kinachopakana na msitu, kwa kijana wa hapo atakayetuongoza na kulipwa mkononi, kwa mfugaji nyuki ambaye asali yake tutainunua bila kumpunja. Tuulize nani alizoea kupita hapa, na sasa anapita wapi. Na sisi tutungao mashairi tuna deni la ziada. Tumezoea kuusifu msitu kwa kuuita haujaguswa, na kuliita pori kila eneo tusilojua mwenyewe. Sifa hiyo ni uongo unaomfuta jirani mara ya pili: kwanza amezuiwa kuingia, kisha anatolewa hata katika beti.

Adabu ya hodi tunaijua tangu utotoni. Hubishwa mara tatu, na asipoitikiwa mtu hurudi zake bila kinyongo, hata kama mlango u wazi. Hapo ndipo penye mtihani. Yawezekana tukafika na kibali mkononi, tukaambiwa na kijiji kwamba mwaka huu kiangazi ni kikali, watu wana shida na msitu, na kundi la watembezi lipitalo likicheka litawachoma. Afisa hatatuzuia, stakabadhi tunayo. Aliyejiandaa kurudi siku kama hiyo ndiye aliyeomba ruhusa. Aliyekwisha kuamua kuingia lolote liwalo, huyo alinunua njia tu, na bei aliyolipa haikumfikia aliyemwachia kivuli.