Nani Amebaki wa Nyumba ya Yonathani?

Somo: 2 Samweli 9:1–13

Jumapili hii nilianza kwa kuungama mbele yenu, na niliahidi kwamba hata kwenye karatasi sitaficha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilichezea timu ya mpira. Nilikuwa beki, tena kepteni. Nyuma yangu alisimama kipa mmoja mfupi, mfupi kweli kwa kazi ile. Wapinzani walimcheka tukipasha misuli, halafu mechi ikianza wananyamaza. Kabla refa hajapuliza filimbi alikuwa anagonga mwamba mara moja, ananiambia, "Kepteni, wewe kosea tu, mimi niko." Mpendwa, hesabu watu waliowahi kukuambia neno kama hilo. Si wengi.

Miaka minne baada ya chuo alikufa kwa ajali ya barabarani. Mnajua vile sisi hufanya. Tukaunda kamati, tukafungua grupu ya WhatsApp, tukachanga, tukachapisha tisheti zenye picha yake kifuani. Jezi yake namba 1 tukaitandaza juu ya jeneza. Na mimi kepteni nikapewa maikrofoni. Nikamwangalia mama yake nikasema, "Mama, umepoteza mmoja, lakini kuanzia leo una watoto kumi." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa bado sijaitwa kwenye huduma, lakini kuongea nilijua!

Halafu tukapanda matatu, kila mtu akaenda kwao. Miaka tisa. Tarehe ile ikifika, mmoja anaweka picha kwenye grupu, sisi wengine tunaweka mshumaa na mikono ya maombi. Tukaona tumemkumbuka.

Sisemi tisheti ni dhambi. Vijana wetu wa basketiboli wamechoka kunisikia nikisimulia habari za Hank Gathers na Bo Kimble, lakini leo ni zamu yenu wazee. Hawa walikua pamoja Philadelphia kule Marekani, wakacheza pamoja sekondari, wakaishia timu moja ya chuo kikuu cha Loyola Marymount, California. Tarehe 4 Machi 1990 Gathers alianguka uwanjani katikati ya mechi, moyo wake ukasimama, akafa. Alikuwa na miaka 23. Sasa, Gathers alikuwa mchezaji hatari, lakini ile mipira ya adhabu, ambayo mtu anatupa peke yake kila mtu akimtazama, ilikuwa inamsumbua. Mpaka akaanza kuitupa kwa mkono wa kushoto na yeye si wa kushoto. Timu ilipoingia mashindano ya taifa bila yeye, Kimble aliamua kwamba kila mechi mpira wake wa kwanza wa adhabu atautupa kwa mkono wa kushoto. Mechi nne, mipira minne. Yote iliingia.

Hiyo ni heshima nzuri. Aliubeba udhaifu wa rafiki yake mbele ya watu, na angeweza kuaibika. Lakini hakuishia hapo. Miaka mingi baadaye alianzisha taasisi ya kuhimiza watu wajifunze namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama ghafla. Kwa maneno mengine, aliuliza: ni nani mwingine ataanguka kama Hank?

Turudi kwa Daudi. Yonathani alipouawa, Daudi aliomboleza mpaka akatunga maombolezo na kuagiza watu wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1). Tuseme alichapisha tisheti za taifa zima. Lakini kulikuwa na ahadi. Katika 1 Samweli 20, Yonathani alimwomba asiwaondolee wema watu wa nyumba yake, hata milele, na Daudi akaapa.

Nilikuwa natayarisha mahubiri ya matanga fulani kutoka sura hii ya 9. Kisa nimekihubiri mara nyingi. Daudi anauliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Siba anamwambia yuko mwana wa Yonathani, mlemavu wa miguu, anakaa Lo-debari kwa watu. Mefiboshethi analetwa akitetemeka, maana mfalme mpya akitafuta jamaa ya mfalme wa zamani, mara nyingi si kwa chakula. Anarudishiwa shamba la babu yake, anakula mezani pa mfalme kama mwanawe.

Siku hiyo nikafika mstari wa 12, nikakwama. Unasema Mefiboshethi alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Nikarudi 2 Samweli 4:4, pale inaposema Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha baba yake zilipofika, yaya akakimbia naye, akaanguka akalemaa. Miaka 5! Na sasa yeye mwenyewe ni baba wa mtoto. Kumbe Daudi alichelewa! Wimbo aliutoa mara moja, lakini lile swali lilikaa miaka na miaka, mtoto akiwa Lo-debari.

Nikafunga Biblia. Kipa wetu aliacha msichana wa miaka miwili.

Wiki hiyo hiyo nilienda. Mama amezeeka, anauza mboga kando ya barabara. Aliniangalia kitambo, akanivutia kiti, akauliza bila hasira, "Wewe ni wa ngapi, kati ya wale kumi?" Sikuwa na jibu. Nikapiga magoti pale kwenye mboga.

Msichana alirudi kutoka shule jioni. Ana miaka kumi na mmoja. Nilidhani ataniuliza habari ya karo, maana kweli ilikuwa na deni. Aliniuliza, "Baba alikuwa anacheza namba gani?" Mtoto hajui kama babake alikuwa kipa! Nyumbani kulikuwa na picha moja tu, ile ya tisheti. Vile alivyogonga mwamba, vile alivyodaka penalti mbili siku moja na mvua inanyesha, hayo yote tulikuwa nayo sisi kumi, tumeyakalia. Nilimsimulia mpaka giza likaingia. Aliniambia nirudie ile ya penalti.

Usiku nikaandika kwenye grupu, nikaweka jina la shule na deni lilivyo. Saba wameshika mzigo pamoja nami. Mmoja alisema hali ni ngumu, namwelewa. Mwingine alitoka kwenye grupu. Mwezi ujao tunaenda wote nane, na kila mtu ameambiwa aje na kisa chake kimoja.

Sasa kabla hatujaomba, toa simu yako. Kuna jina umelifikiria tangu nianze kusoma. Tafuta namba ya mama yake, au mjane wake, au mtoto wake. Ibada ikiisha, piga. Na ukipata haipatikani, mimi nitakuwa hapa mbele, njoo tuulizane nani anajua njia ya kwao.