Dereva na Sisi Abiria

Mabasi yaendayo Mwanza hupita Kibaha, pale Maili Moja, alfajiri. Kutoka Dar es Salaam safari hiyo yazidi kilometa 1,100. Sheria humruhusu dereva wa basi kilometa 80 kwa saa, na penye makazi 50. Hata asiposimama mahali popote, atatumia karibu saa 14. Hesabu hii si ngumu, na bado afuataye sheria twamwita mvivu! Twaambiana, "Yule wa juzi alitufikisha mapema," kwa sauti ya kutosha naye asikie.

Je, dhambi ya mwendo mkali ni ya nani? Wengi husema ni ya dereva, maana usukani u mikononi mwake. Ni kweli, wala hatumwondolei. Lakini tajiri ataka hesabu yake, nasi abiria hamsini twataka kufika. Pilato naye alikuwa na mamlaka mkononi. Makelele yalitoka kwa umati.

Tena yuko abiria anyamazaye. Njia ya Kisarawe, penye vilima vya Pugu, gari likikimbia twashika viti na kumwomba Mungu kimoyomoyo. Sala ni njema. Lakini "Dereva, taratibu, baba" ni maneno matatu tu, nasi twaogopa kuchekwa. Ajali ikitokea na polisi wakaja kuuliza, ghafla wote tuna ndimi, na kila mmoja aeleza jinsi alivyoona tangu mapema kwamba mwendo ule haukuwa salama.