Dhahiri ya Kope na Batini Yake

Ali bin Isa, tabibu wa macho wa Baghdad aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 11, alipotunga Tadhkirat al-Kahhalin aliigawa kazi yake katika makala tatu: ya kwanza akaeleza umbile la jicho, ya pili maradhi yanayodhihirika kwa hisi, na ya tatu maradhi yaliyofichika, na maradhi ya kope akayatia katika makala ya pili, kwa kuwa ni haba sehemu za mwili zilizo wazi kuliko kope, ambazo kila anayesema nawe huzitazama, apende asipende. Mgawanyo huo ni wa hekima. Walakini uvimbe wa kope huutia mashakani, maana kitu kionwacho na watu wote chaweza kuwa na hakika isiyoonwa na yeyote.

Tazama kivimbe kidogo kilichoota ukingoni mwa kope ya chini: kina mng'ao wa lulu, vijishipa vya damu vimetambaa juu yake, katikati pamechimbika kidonda kinachofunga na kufunguka, na nywele za kope mahali hapo zimekwisha kunyonyoka. Tabibu mzoefu atasema kuwa hiyo ni saratani ya seli zilizo sehemu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, ambayo miongoni mwa watu weupe ndiyo saratani ya kope iliyo nyingi kupita zote, na aghalabu atakuwa amesema kweli. Lakini iko saratani nyingine, ya zile tezi za mafuta zilizomo ndani ya kope ambazo Heinrich Meibom wa Ujerumani alizieleza mwaka 1666, nayo huja kwa sura ya tezi iliyoziba tu, uvimbe mgumu usiouma ambao wengi huuita chokea, ukakandwa kwa maji moto na kupakwa marhamu miezi na miezi, ilhali maradhi yanaenea.

Kuzipambanua kwa hakika kumehitaji kukata kinyama na kukichunguza, na hapa ndipo linapozuka swali ambalo si la matabibu peke yao: je, mtu ana idhini gani ya kuukata mwili, ambao ni amana, kwa ajili ya kujua tu? Ngozi ya kope haifiki unene wa milimita moja, na kope iliyopunguzwa vibaya huliacha jicho likikauka au likitiririka machozi. Tena wengi wa wanaokatwa huambiwa baadaye kuwa uvimbe wao haukuwa na madhara. Wanazuoni wa Kiislamu wameipa yakini daraja tatu, yaani yakini ya elimu, yakini ya jicho na yakini ya hakika yenyewe, na kwa muda mrefu tabibu hakuwa na njia ya kutoka daraja ya kwanza kwenda ya pili ila kwa kisu.

Siku hizi njia zimeongezeka. Mwaka 1991 David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Marekani walitangaza chombo kinachopeleka nuru mwilini na kuupima mwangwi wake, kama nahodha anavyopima kina cha maji kwa bildi, kikachora tabaka za nyama hadi milimita moja au mbili. Mawimbi ya sauti yenye mitetemo ya haraka mno huzama zaidi, ila picha yake ni ya jumla mno. Kinachonishangaza zaidi ni hadubini ya leza, iliyojengwa juu ya fikra ya Marvin Minsky ya mwaka 1957: ncha yake huwekwa juu ya kope pamoja na tone la ute, na kitundu kidogo mno huipitisha nuru iliyorudi kutoka kina kimoja tu kilichokusudiwa, nyingine yote ikazuiwa, na katika kioo, kwa weusi na weupe, huonekana visiwa vya seli ndefu zilizolala zikielekea upande mmoja, na mgonjwa hajatokwa na tone la damu.

Je, hiyo ndiyo yakini ya jicho? Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne hiyo hiyo ya Ali bin Isa, alifundisha kuwa nuru huingia jichoni kutoka katika kitu kinachotazamwa, lakini kukitambua kitu hicho ni kazi ya akili inayopambanua na kukisia, na makala nzima ya kitabu chake akaifanya ya makosa ya macho. Visiwa vile vya seli havijitaji jina. Anayevitaja ni mtu aliyejifunza kuvisoma, naye huweza kukosea. Tena hadubini hiyo haioni zaidi ya robo ya milimita, na saratani ya tezi za mafuta huanzia ndani kuliko hapo, kwa hiyo picha iliyo safi haikanushi kitu: imenyamaza tu.

Basi nionavyo mimi, picha hizi ni dhana yenye nguvu, na dhana yenye nguvu ina heshima yake katika sheria, maana msafiri asiyejua kibla huijitahidia na sala yake ikasihi. Kwa dhana hiyo inajuzu kuuacha uvimbe usio na dalili mbaya na kuuangalia, na inajuzu kuchagua mahali pa kukata na kiasi chake. Haijuzu kuifanya picha kuwa udhuru wa kukikwepa kisu pale shaka inapobaki, kwani mwenye amana huwajibika kuilinda hata kwa jambo linalouma.

Nawe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani ambaye uvimbe wa kope umemrudia mahali pale pale baada ya kutibiwa, au nywele za kope zinamnyonyoka sehemu moja, usitosheke na marhamu ya duka la dawa. Mpeleke kwa tabibu wa macho. Na akikatwa kinyama, ulizia kama kimepelekwa maabara.