Nani wa Kuifagia Bahari?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Jioni ya Idi, watu walipokuwa wamejaa ufuoni kupunga upepo, tulimwona kijana akimaliza maji yake na kuitupa chupa ya plastiki baharini. Tulipomwonya, alitujibu kwa adabu: "Sheikh, si mwatufundisha chuoni kuwa maji ya bahari ni tahiri?" Mwenzake akaongeza kuwa Wazungu wamekwisha kutengeneza mashini ya kuifagia bahari, basi ya nini kujisumbua? Majibu haya mawili tumeyafikiri sana, kwani wayasemayo si vijana wale peke yao.

Ama la kwanza, ni kweli kuwa maji ya bahari ni tahiri, yafaa kwa udhu na kwa josho. Lakini hukumu hiyo ni ya tahara, wala haikupata kuwa ruhusa ya kuifanya bahari jaa. Maji ya kisima cha msikiti nayo ni tahiri. Nani miongoni mwetu atakayetia humo kandambili zake mbovu?

La pili lahitaji maelezo, kwa sababu mashini hiyo ipo. Mwaka 2013 kijana wa Kiholanzi wa miaka 18, Boyan Slat, alianzisha shirika liitwalo The Ocean Cleanup. Kabla ya hapo alipiga mbizi katika bahari ya Ugiriki, akaona plastiki nyingi kuliko samaki. Septemba 2018 chombo chake kikubwa cha kwanza kilikokotwa kutoka San Francisco: bomba lielealo, urefu wake mita 600, na chini yake limening'inia pazia. Kilipelekwa baina ya California na Hawaii, ambako mikondo ya maji huzunguka na kukusanya taka. Wataalamu walikadiria mwaka huo kuwa mahali hapo pana kiasi cha tani 79,000 za plastiki, na karibu nusu ya uzito huo ni nyavu za wavuvi.

Hakikufaulu. Plastiki iliingia ikatoka, na kabla mwaka haujesha kipande cha mita 18 kikakatika. Kijana yule hakuona haya kukiri. Alikirudisha chombo, akatengeneza chengine, na chengine tena. Kilichotoka mwaka 2023 ni wavu wa zaidi ya kilomita 2, ukokotwao polepole na meli mbili. Nao wako wanaoukosoa, wakihofu kuwa viumbe vidogo vielevyo juu ya maji huzolewa pamoja na taka. Na plastiki iliyokwisha kusagika ikawa kama unga, wavu hauiwezi.

Lakini lililotugusa zaidi ni kuwa watu hao hao, tangu mwaka 2019, wameingia mitoni kutega vyombo vya kuzizuia taka kabla hazijafika baharini. Na katika bandari ya Baltimore, Marekani, tangu 2014 liko gurudumu lizungushwalo na mkondo wa maji, likisaidiwa na nguvu ya jua, ambalo huziinua taka na kuzitia katika tishari. Mwenye mashini amerudi nyuma mwenyewe, kutoka bahari kuu hadi mlango wa mto, na akizidi kurudi atafika mlangoni petu.

Basi natuitazame kazi hii kwa kipimo cha fiqhi. Kuzitoa taka zilizomo baharini twaona kwafanana na fardhi kifaya: wakisimama wa kuitosha, wengine husameheka, wasiposimama, sote tuna dhambi. Na kama Mholanzi amesimama katika bahari ya mbali, ya kwetu ni nani aliyeisimamia? Ama kutotupa ni fardhi ya kila mtu kwa nafsi yake, wala haitekelezwi na mashini ya mwengine, kama vile sala yako haisaliwi na jirani. Katika Suratu Rrum Mola wetu ameunasibisha uharibifu wa bara na bahari na mikono ya watu. Mkono uliotupa ile chupa haukuwa wa Mzungu.

Tusiseme kuwa hatuna uwezo. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalishusha majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Mifuko ya plastiki nayo serikali ya Kenya iliipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, na tukarudi kwenye vikapu bila ya kufa njaa. Chupa hazikuingia katika marufuku ile, na ndizo tuzionazo sasa zimenasa katika mizizi ya mikoko.

Darasa letu limekubaliana kuteremka ufuoni kila Jumapili ya mwanzo wa mwezi, baada ya Alasiri. Aje kila awezaye, na gunia lake. Kijana wa ile chupa tumemwalika, naye amekubali kuja.