Vituo vya Njiani
Somo: Hesabu 33:1–49



Sura hii wengi huiruka wasomapo Biblia, maana waona ndani yake hamna ila majina ya mahali: Waisraeli walitoka hapa, wakapiga kambi pale, wakatoka pale, wakapiga kambi kwingine. Lakini aya ya pili yatufundisha ya kwamba Musa aliyaandika hayo kwa agizo la Bwana. Basi Mungu hakuhesabu mwanzo wa safari na mwisho wake tu. Vituo navyo alivihesabu. Mara penye maji machungu pameandikwa, na Elimu penye chemchemi 12 na mitende 70 pameandikwa pia.

Nimeikumbuka sura hii kwa ajili ya swali la mwinjilisti mmoja. Yeye amealikwa na usharika rafiki huko Ujerumani, naye atapewa siku tatu za kusafiri kwa gari moshi toka Wittenberg hata Worms, apate kuiona njia aliyoipita Dakta Martin Luther. Akanijia hapa Didia na ramani mkononi, akasema, "Baba Mchungaji, njia hii yaweza kumalizika kwa siku moja, nami ninazo tatu. Stesheni ni nyingi. Nishuke wapi, nipite wapi?"

Nikamjibu, "Ndugu yangu, kabla ya kuitazama ramani, na tumtazame Luther mwenyewe, kwa maana swali hilo lilimpata yeye kwanza."

Luther alitoka Wittenberg tarehe 2 Aprili 1521, amepanda gari la farasi, kwenda kusimama mbele ya Kaisari Karl V. Alikuwa na hati ya kumlinda njiani, na siku alizopewa za kufika zilikuwa 21. Hata hivyo alipofika Erfurt, mji alikosoma na kuishi utawani, alishuka. Jumapili tarehe 7 Aprili akahubiri katika kanisa la watawa wale aliokaa nao zamani, na watu wakajaa mno. Je, alipoteza wakati? Hasha! Watu walikuwa na njaa ya Neno, naye alikuwa nalo. Hiki ndicho kituo cha kwanza, kituo cha wajibu. Bwana wetu naye aliketi kisimani Sikari, amechoka kwa safari, na mwanamke mmoja akapata maji ya uzima, kama tusomavyo katika Yohana 4.

Gari likaendelea hata Oppenheim, kando ya mto Rhine, karibu kabisa na Worms. Hapo akajiwa na rafiki yake Martin Bucer, akileta mwaliko wa bwana mmoja mwenye nguvu, Franz von Sickingen, ya kwamba Luther ageuke kwanza aende katika ngome yake ya Ebernburg, azungumze huko na mwungamishi wa Kaisari kwa utulivu. Huko palikuwa na kuta imara na walinzi. Lakini siku za hati zilikuwa zaisha. Kama angaligeuka, zingalimwishia njiani. Basi akajibu kwamba mwenye neno naye atamkuta Worms. Akafika tarehe 16 Aprili, na tarehe 18 akasimama katika imani yake mbele ya Kaisari na wakuu wote. Hiki ndicho kituo cha pili, kituo kizuri kipasacho kukataliwa. Angalieni, Bucer hakuwa adui, alimpenda Luther. Mara nyingi kimkawizacho msafiri si shimo la njiani, bali ni kivuli kizuri mahali asipotumwa.

Kituo cha tatu Luther hakukichagua. Katika kurudi alipita Möhra kuwaona jamaa za baba yake. Na tarehe 4 Mei, msituni, wapanda farasi wakamkamata. Wengi walidhani ameuawa. Kumbe, walikuwa watu wa mtawala wake Friedrich, nao wakamficha katika ngome ya Wartburg, juu ya mji wa Eisenach. Akakaa huko kama miezi 10, mpweke na mara nyingi mgonjwa. Ndani ya ngome ile akalitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, nalo likapigwa chapa Septemba 1522. Mahali palipofanana na kifungo pakawa kisima cha taifa zima.

Nikamwambia mwinjilisti, "Siku ya kwanza shuka Erfurt, ukaingie katika kanisa la watawa. Siku ya pili shuka Eisenach, upande mlimani hata Wartburg. Ukiisha kushuka mlimani, shika njia ya Worms, wala usikubali kukawia. Maana wenyeji wako watakungoja huko siku ya tatu." Akafurahi, akaandika yote.

Lakini alipokwisha kuondoka, mimi nalibaki nimekaa, na moyo wangu wanichoma. Maana neno hili nalilishindwa mimi mwenyewe katika reli ya kwetu.

Reli ya kutoka Tabora hata Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, yapita Shinyanga, kisha Malampaka, kisha Malya, hata kufika ziwani. Miaka kadhaa iliyopita naliipanda toka Shinyanga kwenda mkutanoni Mwanza, nami nalikuwa na siku mbili za ziada. Malampaka alikaa mzee mmoja aliyenifundisha Katekisimo Ndogo nilipokuwa mtoto, naye alikuwa mgonjwa. Malya alikaa rafiki yangu, mtu mwenye nyumba nzuri na mazungumzo matamu. Nikasema moyoni, "Mzee nitamwona katika kurudi." Gari moshi likasimama Malampaka. Nikatazama dirishani, nikawaona akina mama wauzao karanga na viazi, nikanunua karanga. Sikushuka. Malya nilishuka, nikachinjiwa mbuzi.

Niliporudi baada ya siku tano, nilishuka Malampaka. Nikamkuta mke wake ameketi nje, na watu wa matanga. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Akaniitikia, kisha akanena bila hasira, "Baba, siku ile alisikia honi ya gari moshi, akasema, Labda mwanangu yumo. Akaniagiza nitandike mkeka."

Ndugu zangu, mkeka ule nauona hata leo. Mwenyezi Mungu amenisamehe kwa damu ya Kristo, nami nasadiki. Lakini sijausahau, wala sitaki kuusahau. Kosa langu halikuwa kula mbuzi wa rafiki, maana urafiki nao ni kipawa cha Mungu. Kosa langu ni kwamba nalipima vituo kwa raha yangu, sikuvipima kwa yule aningojaye.

Na sasa nawageukia vijana wetu waendao Geita kutafuta dhahabu. Kazi ya mikono ni halali, na mwenye kuchimba kwa haki asidharauliwe. Lakini kijana huaga Didia akisema, "Nitakaa msimu mmoja tu". Na msimu huzaa msimu, hata mke na watoto wake huuliza habari zake kwa madereva. Lutu hakuingia Sodoma siku moja; katika Mwanzo 13 twasoma kwamba alianza kwa kusogeza hema zake upande ule. Kituo kikigeuka kuwa makao, msafiri amekwisha kupotea, ingawa hajatoka njiani.

Tena nawageukia ninyi wainjilisti wenzangu. Mnapopanga kuzuru mitaa, msiende daima penye kiti kizuri na wali, mkaipita nyumba ya mjane aliye na uji tu. Na tukizuiliwa na ugonjwa, au mvua, au uhamisho tusioutaka, tusinung'unike upesi. Katika Hesabu 9 wingu lilikaa pengine siku mbili, pengine mwezi, pengine zaidi, na watu walikaa nalo. Huenda kituo tusichokichagua ndicho Bwana alichotuwekea kazi kubwa.

Basi kila mmoja ajiulize mambo matatu kabla ya kushuka: Nani amenituma? Nani aningoja mwisho wa njia? Na je, hapa kati yuko mtu aliyenitandikia mkeka?

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyefuatana na wawili wale njiani kwenda Emau, ukakubali kuingia kwao jioni ilipokaribia, tufundishe mahali pa kushuka na mahali pa kupita. Utuondolee uvivu wa kukawia na haraka isiyo na upendo. Utuongoze kituo kwa kituo, hata tufike kwako, usikotoka mtu tena. Amina.