Shaka Iwe ya Nani?

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alihamia Marekani akiwa kijana, akapata uraia na kuingia jeshini. Mwaka 2004 alikuwa Iraki. Alipokuja kunisalimia, nami nimekwisha kustaafu, nilimkuta usiku amewasha redio isiyoshika kituo chochote, inakoroma tu. Nikamuuliza kulikoni.

"Mjomba," akasema, "masikio yangu yanalia. Nikiizima hii silali."

Alikuwa ameomba fidia ya ulemavu, kwa masikio na kwa mgongo, akanyimwa, akakata rufaa. Aliniachia lundo la maamuzi ya rufaa za wenzake, yaliyotolewa na Baraza la Rufaa za Askari wa Zamani, chombo cha tangu mwaka 1933. Maamuzi hayo huwekwa wazi kwa yeyote, majina yakiwa yamefutwa. Niliyasoma kwa kalamu mkononi, kama nilivyozoea kusahihisha insha.

Karibu yote huuliza mambo matatu. Je, mtu huyu ana ulemavu sasa? Je, lilimpata jambo alipokuwa jeshini? Na je, jambo hilo ndilo lililozaa ulemavu? Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Lakini kilichonishika ni kanuni iliyomo katika sheria yao: ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukikaribia kulingana, shaka humfaidi mwombaji. Mahakama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988 ili kuyapitia maamuzi ya Baraza ililifafanua jambo hili mwaka 1990, katika shauri la Gilbert. Askari halazimiki kuushinda upande wa pili. Wakitoka sare, amepata.

Msomaji ataniuliza: na mwongo je? Naye si atapita mlango huo huo? Atapita, na sitaki kulificha. Nimefundisha miaka mingi, nawajua watu wanaougua siku ya mtihani. Hata hivyo ukiyaweka makosa mawili mbele yako, la kumpa asiyestahili na la kumnyima anayestahili, utaona kwamba la kwanza hubebwa na walipa kodi wengi, kila mmoja senti chache. La pili hubebwa na mtu mmoja, usiku, na redio yake. Siwezi kuyaita makosa hayo sawa. (Wala nisiwasifu kupita kiasi: rufaa nyingi huchukua miaka, na wapo wanaokufa wakiwa bado kwenye foleni.)

Tena kuna habari ya karatasi. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kuhifadhia kumbukumbu za wanajeshi, karibu na mji wa St. Louis, lilishika moto. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya mwaka 1912 na 1960. Nakala hazikuwapo. Basi mzee aliyeumia Korea akawa anadaiwa karatasi iliyoungulia mikononi mwa serikali yenyewe. Mahakama zikasema kwamba katika hali hiyo Baraza lina wajibu mzito zaidi wa kueleza sababu zake, ingawa moto peke yake haumpi mtu ushindi. Na mwaka 2006 mahakama ya juu zaidi ikaamua kwamba kukosekana kwa karatasi za tiba za wakati ule hakutoshi, peke yake, kuyafanya maneno ya askari yasiaminike.

Hapo niliweka kalamu chini.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mvulana mmoja wa darasa la sita alinijia akiomba asiende shamba la shule, kwa kuwa nyonga ilimuuma tangu alipoanguka kutoka kwenye tela la trekta lililokuwa likibeba matofali ya darasa jipya. Nilifungua daftari la matukio. Hakuna kitu. "Daftari halisemi hivyo," nikamwambia, nikamchapa fimbo mbili za uvivu na kumrudisha shambani.

Daftari lile nilikuwa nikiliandika mimi. Siku ya tela nilikuwa wilayani kufuata mishahara, na niliporudi sikuuliza, na walimu hawakusema. Nilitoka chuo cha ualimu nikiamini kuwa lisiloandikwa halikutokea, wala haikunipitia akilini kwamba kimya cha daftari kilikuwa kimya changu mwenyewe.

Uamuzi wa mpwa wangu ulitoka baada ya miaka mitatu. Masikio amepewa, kwani mlio wa sikio hauna shahidi mwingine ila mwenye sikio, na sheria yao inampokea kuwa shahidi. Mgongo wameukataa. Hakulalamika sana. Alisema huenda aliuumiza baadaye, katika ghala alilofanyia kazi ya kupakia.

Yule mvulana sasa ana wajukuu. Anauza viatu vya mitumba mnadani, na akitembea huchechemea. Mwezi uliopita nilikwenda pale makusudi, maneno yangu nimekwisha kuyapanga njiani. Aliponiona akainuka upesi, mkono mmoja ameshika meza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema. Kisha nikamuuliza bei ya viatu.