Hukumu na Suluhu

Lugha ni ghala ya fikira za wenye lugha. Atakaye kujua Waswahili wameufikirije ugomvi na njia za kuumaliza, na ayatazame maneno waliyoyaweka kwa kazi hiyo. Ataona kuwa si maneno ya maana moja, na kwamba kuyachanganya si kosa la lugha tu, bali ni mlango wa dhuluma.

Neno la kwanza ni kuamua. Hili ni neno la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa mbali: Waganda humwita hakimu omulamuzi, na Wazulu husema lamula kwa aingiaye kati ya wapiganao. Nasi twasema kuamua ugomvi, yaani kuwatenga wagomvi. Mwamuzi wa asili, basi, alikuwa mtu aliyejitia baina ya fimbo mbili. Alizuia damu isimwagike. Hakuwa bado amesema nani mwenye haki.

La pili ni shauri, lililotoka Uarabuni. Neno hili hubeba maana ya nasaha na maana ya kesi pia, kana kwamba kesi haiwi kesi mpaka watu wakae, wasikilizane na kushauriana.

La tatu ni hukumu. Hili na hakimu, na mahakama, na hekima, yote ni matawi ya shina moja la Kiarabu. Na katika shina hilo limo pia jina la chuma cha lijamu kitiwacho kinywani mwa farasi. Hukumu ni lijamu: humzuia mkosaji asiendelee, na humzuia hakimu mwenyewe asifuate mapenzi yake.

La nne ni suluhu, nduguye maslahi. Na karibu yake kuna kupatana, neno lililozaliwa na kupata. Wapatanao ni watu waliokuwa wamepoteana, kisha kila mmoja akampata mwenziwe.

Aghalabu watu huisifu suluhu kuliko hukumu. Husema kuwa hukumu humaliza kesi ikaacha ugomvi, na suluhu humaliza ugomvi wenyewe. Sheria nazo zimeifuata fikira hii. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huwataka mume na mke, isipokuwa katika hali chache, wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huziagiza mahakama kuendeleza upatanishi, na njia za jadi zikiwamo. Mwaka 2021 mabaraza ya kata ya Tanzania yaliondolewa uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, yakaachiwa kazi ya kusuluhisha.

Sifa hizi ni za haki. Watu wa kijiji kimoja watachota maji kisima kimoja kesho, awe ameshinda huyu au yule. Lakini suluhu ina sharti lake: hapana suluhu pasipo mtu kuachia kitu. Swali zito ni hili: ni nani aachiaye?

Tufikiri habari ya mjane ambaye shemejiye amesogeza mpaka akameza nusu ya shamba lake. Wazee wanakaa. Wanasema damu ni moja, aibu ni ya wote, yaishe nyumbani. Wanakata kipande kilichonyakuliwa katikati, na kila mtu anapewa nusu. Shemeji anaondoka na robo ya shamba isiyo yake; mjane anaondoka na sifa ya kuwa mwanamke mwenye subira. Jambo hili litaitwa suluhu, na wazee watapeana mikono. Kwa kweli ni wizi uliopata mashahidi.

Agano la Kale lina kisa cha Mfalme Sulemani na wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Mfalme aliamuru mtoto akatwe vipande viwili, kila mmoja apate chake. Mmoja alikubali, wa pili akaomba mtoto apewe mwenziwe, mradi aishi. Watu husifu werevu wa mfalme, lakini mimi naona fundisho jingine. Mgawo ule wa nusu kwa nusu ulikuwa na sura ya usawa, nao ulikuwa mauti. Na aliyekuwa tayari kuachia ndiye aliyekuwa na haki, kwa kuwa ndiye aliyekipenda kile kilichogombewa. Sulemani aliona kuachia kule akakufanya ushahidi. Msuluhishi mbaya angaliona kuachia kulekule akakufanya faida: angalimshukuru mama kwa wema wake, na kumkabidhi mtoto yule asiye mama.

Itasemwa: je, mtu hana ruhusa ya kusamehe kilicho chake? Anayo, na kusamehe ni utu mkubwa. Lakini deni lililokanwa haliwezi kusamehewa. Mjane akiambiwa kwanza mbele ya wote kuwa shamba ni lake, kisha akatoa sehemu kwa ajili ya udugu, ametoa zawadi. Akinyamazishwa kabla ya neno hilo kusemwa, amenyang'anywa. Kipande cha ardhi kinaweza kuwa kilekile; tofauti ni ya mbingu na nchi.

Kwa hiyo maneno yetu manne yana mfuatano wake. Wagomvi waamuliwe, shauri lisikilizwe, haki itajwe, kisha suluhu itafutwe. Wanasheria wa Kiislamu walikwisha kuiwekea suluhu mpaka: ni halali, ila ile ihalalishayo haramu au iharamishayo halali. Katiba ya Kenya, katika kifungu kilekile kisifucho upatanishi, huzikataza njia za jadi zivunjazo haki za watu. Na wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mwombeni aiachie.